Ganzi Iombwe Kabla ya Kisu
Hotuba kwa mahamali na wachuuzi wa soko la Kongowea, Mombasa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zetu Wakristo na wengineo, karibuni, habari za asubuhi. Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi mama zangu mlioacha mabanda mkaja kunisikiliza, nawashukuru. Nitasema yaliyonileta kisha mrudi kwenye biashara zenu.

Kazi yangu ni ya dawa za usingizi na ganzi. Mimi ndiye ninayemlaza mgonjwa kabla mpasuaji hajashika kisu, nikamlinda muda wote aliolala, nikamzindua kazi ikiisha. Nimekuja na jambo moja. Mtu anayekwenda kupasuliwa ngiri ana haki ya kuuliza, kabla hajapanda kile kitanda, maumivu yake yatazuiwa vipi atakapofumbua macho. Asingoje kuuliza akiwa wadi, amejikunja, meno yameumana. Aulize kabla. Na katika jibu atakalopewa, ganzi lazima iwemo.

Nimelileta neno hili sokoni kwa sababu hapa ndipo walipo watu linalowahusu. Hapa kuna wanaobeba magunia ya viazi na mahindi, wanaosukuma mikokoteni, na wanaoshusha malori usiku kucha. Najua wako miongoni mwenu waliofunga kiuno kwa kitambaa sasa hivi, ndani ya suruali, ili kile kivimbe kisitoke wakiinama. Najua pia kwa nini hawajaenda hospitali. Wengine ni pesa, na sibishani nao. Wengine ni haya, kwa sababu ya mahali penyewe. Lakini nikikaa na mtu kwa upole akaniamini, mara nyingi hutoa la tatu: anaogopa maumivu. Ameona jirani yake aliyerudi kutoka hospitali akitembea ameinama, hakohoi, hacheki, analala kiti. Akaapa nafsini mwake kwamba yeye hapasuliwi mpaka mambo yafike pabaya. Basi mambo hufika pabaya kweli.

Ngiri ni nini? Ukuta wa tumbo una mahali dhaifu, hasa kwenye kinena, pale ambapo korodani zilipita zikishuka mtoto angali tumboni mwa mamake. Pakipanuka, mafuta ya tumbo au kipande cha utumbo husukumwa kikatokeza chini ya ngozi. Kati ya wanaume 100, takriban 27 watapata ngiri ya kinena wakati fulani maishani mwao. Kwa wanawake ni kama 3. Kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni huongeza msukumo, na mzigo mzito huuongeza pia. Ngiri si laana, wala haitokani na ufuska, wala si busha. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, na huku Pwani wengi huletewa na mbu wanaoeneza ugonjwa wa matende. Tiba yake ni tofauti na ya ngiri.

Ngiri inayorudi ndani ukilala chali hukupa nafasi ya kupanga. Ngiri iliyogoma kurudi, ikawa ngumu, ikauma, ukaanza kutapika na choo kimefunga, hiyo haina kesho. Utumbo umebanwa, damu haifiki, na ndani ya saa chache utaanza kuoza. Mtu huyo apakiwe tuktuk, apakiwe chochote, afikishwe hospitali ya Makadara au hospitali yoyote yenye chumba cha upasuaji, iwe usiku iwe mchana. Na kupasuliwa kwa dharura namna hiyo kuna maumivu makubwa na hatari kubwa kuliko kupasuliwa kwa miadi. Aliyeahirisha kwa kuyaogopa maumivu huishia kuyapata mara mbili.

Sasa upasuaji wenyewe. Ngiri haina dawa ya kunywa inayoifunga. Huzibwa kwa mkono. Tangu Edoardo Bassini wa Padova, Italia, aonyeshe njia yake katika miaka ya 1880, wapasuaji wamekuwa wakishona ukuta ule kwa nyuzi. Miaka ya 1980, huko Marekani, Irving Lichtenstein na wenzake wakaeneza mtindo wa kutandaza wavu badala ya kuvuta nyama kwa nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja upasuaji wa matundu madogo. Duniani kote ngiri za kinena zinazopasuliwa hupita milioni 20 kila mwaka. Kwa hiyo hukuandikiwa jambo geni.

Katika upasuaji wa matundu, mpasuaji hutoboa tundu moja karibu na kitovu, upana wake kama sentimita moja, na mengine mawili madogo zaidi. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kupatikane nafasi ya kufanyia kazi. Kamera huingia, vyombo virefu vyembamba huingia, na wavu wa takriban sentimita 10 kwa 15 hutandazwa kwa ndani, nyuma ya ule udhaifu. Aghalabu mgonjwa hulazwa usingizi kamili. Si kila hospitali ya Mombasa inafanya hivi, na penye huduma hiyo gharama hutofautiana. Ulizeni mapema bima ya afya ya serikali, SHA, inagharamia kiasi gani. Asiyeupata upasuaji wa matundu asione kwamba amedhulumiwa, kwa maana upasuaji wa kawaida wa kinena wenye wavu ni tiba nzuri. Na nitakayoyasema kuhusu ganzi yanamhusu yeye hata kuliko yule wa matundu, kwa kuwa jeraha lake ni refu.

Watu huambiwa, "Matundu hayaumi." Mimi siwaambii hivyo. Yanauma kidogo kuliko mkato mrefu, na wengi hulala nyumbani kwao siku ileile. Lakini saa za mwanzo zina maumivu, na maumivu yenyewe yana vyanzo vitatu. Kuna ngozi na misuli iliyotobolewa. Haya ni makali, na unaweza kuyaonyesha kwa kidole. Kuna ndani kabisa, pale utando wa tumbo ulipobanduliwa na wavu ukawekwa. Haya ni mazito, yanavuta, huwezi kusema ni hapa au pale. Halafu kuna ya gesi, nayo hushangaza watu: hukaa begani. Mtu amepasuliwa tumbo, analalamika bega, ndugu zake wanadhani amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Gesi huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hutoka shingoni, jirani na ule wa bega. Bega litauma siku moja au mbili, kisha litaacha.

Niwafafanulie ganzi, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Ubavuni, ukuta wa tumbo una tabaka tatu za misuli zilizolaliana. Mishipa ya fahamu hutoka kwenye uti wa mgongo, tangu pingili ya saba ya kifua hadi ya kwanza ya kiuno, ikazunguka ubavu ikipita kati ya tabaka la pili na la tatu mpaka ifike mbele ya tumbo na kinena. Kila mchomo wa jeraha husafiri kwa mishipa hiyo kurudi mgongoni na kupanda ubongoni. Ujumbe husafiri kwa sababu chembe za sodiamu huingia ndani ya mshipa kupitia vijilango, kimoja baada ya kingine. Dawa ya ganzi huziba vijilango hivyo. Fikirieni daraja la Nyali limefungwa kwa saa kadhaa: magari ni mazima, barabara ni nzima, ila hakuna kinachovuka. Dawa ikichukuliwa na damu, vijilango hufunguka tena na mshipa hurudi kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo mgonjwa akiwa amelala, kabla ya mkato au mara upasuaji ukiisha, naweka kidude cha altrasaundi ubavuni mwake, kati ya mbavu na nyonga. Kwenye kioo naziona tabaka zote tatu. Naingiza sindano taratibu nikiiangalia inavyokwenda, na ncha ikifika baina ya tabaka la pili na la tatu namimina dawa kidogo kidogo. Naona tabaka zikiachana, dawa ikijipenyeza kama mililita 20 upande mmoja, na upande wa pili vilevile ikihitajika. Mgonjwa hana habari. Wenyewe tunaiita TAP. Ziko njia nyingine: kulenga mishipa miwili inayohudumia kinena karibu na mfupa wa nyonga, au sindano ya nyuma zaidi kwenye misuli ya kiunoni. Na ipo njia nyepesi kuliko zote, ambayo haihitaji mashine yoyote: mpasuaji mwenyewe kumimina ganzi kwenye kila tundu alilotoboa, toka ngozi hadi ndani.

Dawa tunayoitumia zaidi ni bupivakaini. Ilitengenezwa Uswidi mwaka 1957, ni ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hii si anasa ya hospitali za matajiri. Altrasaundi ni ghali, naam, lakini daktari Rafi alipoieleza sindano hii ya ubavuni mwaka 2001 aliifanya kwa kupapasa, bila kioo. Wenzetu wa Australia ndio walioileta kwenye altrasaundi mwaka 2007, na mimi naipenda zaidi hiyo kwa sababu naiona ncha ya sindano yangu ilipo. Palipo na bupivakaini na mkono uliofunzwa, mgonjwa hana sababu ya kuzinduka bila ganzi yoyote.

Sasa niwaambie ukweli wa kipimo, msije mkatoka hapa na matumaini ya uongo. Utafiti juu ya sindano hizi baada ya upasuaji wa ngiri wa matundu unaonyesha faida hasa katika saa za mwanzo: maumivu hupungua, na kiasi cha mofini au tramadoli, zile dawa kali za maumivu, wanachohitaji wengi siku ile ya kwanza hupungua. Kufika kesho yake, tofauti kati ya aliyechomwa na asiyechomwa huwa imepungua sana. Na ukilinganisha sindano ya ubavuni na ganzi iliyomiminwa vizuri kwenye matundu, mara nyingi hazipishani kwa mbali. Sindano ya ubavuni haigusi maumivu mazito ya ndani, wala haigusi bega. Kwa mkato mrefu wa kinena, nguvu yake huonekana wazi zaidi.

Kwa nini basi naitetea? Kwa sababu saa hizo za mwanzo ndizo mtu anazozikumbuka na kuzisimulia barazani. Ndizo saa anazopaswa kukaa, kukohoa makohozi yatoke, kusimama, kwenda msalani. Asiyeweza kusimama kwa maumivu hubaki chali, kifua kinajaa, damu ya miguuni inalala. Anayepewa mofini nyingi ili asimame huanza kutapika, na mwenye kutapika akiwa na nyuzi za siku moja tumboni mnajua hali yake. Mofini pia hufunga choo, na aliyepasuliwa ngiri hatakiwi kujikamua. Pia huweza kuzuia mkojo mpaka aingizwe mpira. Kila kipimo cha mofini ambacho ganzi imekiokoa ni nafuu kwa mgonjwa huyu.

Kuna jingine, na hili ni zito katika mji wetu. Hakuna mtaa wa Mombasa usiojua unga, yaani heroini. Tumezika vijana. Na nataka mjue kwamba kisa cha ganzi ya mishipa kilianza pamoja na uraibu. Mwaka 1884 daktari wa Vienna, Karl Koller, aligundua kwamba kokeini inalitia jicho ganzi. Miezi haikupita mingi, mpasuaji William Halsted huko New York akaanza kuidunga kwenye mishipa ya fahamu, akijijaribia yeye mwenyewe na wenzake. Akafungua mlango mkubwa wa tiba, naye akanasa. Alipotibiwa uraibu wa kokeini akapewa mofini, akabaki nayo kwa miaka mingi huku akiwa mmoja wa wapasuaji wakubwa wa Marekani, aliyeboresha hata upasuaji wa ngiri. Mwanafunzi wake, Harvey Cushing, aliandika mwaka 1900 juu ya kupasua ngiri kwa kuitia ganzi mishipa ya kinena, mgonjwa akiwa macho. Dawa tulizo nazo leo, lidokaini ya mwaka 1943 na bupivakaini iliyoifuata, hazina ulevi ule. Mtu hawi teja wa bupivakaini.

Kwa hiyo namwambia kila aliyewahi kutumia unga akaacha, na kila anayekunywa methadoni kliniki, ile dawa ya kumtoa mtu kwenye unga: usinifiche. Najua kwa nini mnaficha. Mnaogopa mtadharauliwa, au mtanyimwa dawa na kuachwa muumie kwa kuambiwa mmezoea. Ukificha, nitakupa kipimo cha mofini cha mtu wa kawaida na hakitakugusa, utaumia usiku mzima na wauguzi watadhani unajifanya. Ukisema, methadoni yako haitakatwa. Utaendelea nayo, na tutawasiliana na kliniki yako. Juu yake tutaweka ganzi na dawa nyingine zisizo za jamii hiyo. Wewe ndiye mgonjwa ambaye sindano hii inamfaa kuliko wote. Na aliyeacha kabisa, akitaka asiguse tena chochote cha jamii ya mofini, atwambie, tutapanga kwa kadiri inavyowezekana. Mama aliyemlea mwanawe mpaka akatoka kwenye unga asikubali kijana apelekwe kupasuliwa bila mazungumzo haya kufanyika. Mama zangu, mkiyasahau yote mengine ya leo, hili lishikeni.

Vivyo hivyo miraa na muguka. Semeni bila haya mnatafuna kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa lini. Majani yale hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, nami nahitaji kujua kabla sijakulaza. Tena hufunga choo, na kwa mwenye ngiri mpya iliyoshonwa hilo si dogo.

Hatari zipo, na anayekuambia hazipo usimwamini. Sindano yoyote yaweza kuvilia damu au kuleta maambukizi, ingawa ni nadra. Kubwa tunayoichunga ni dawa kuzidi katika damu. Kipimo hufuata uzito wa mwili: bupivakaini tunaiweka kwenye miligramu 2 hivi kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 hatapita miligramu 120. Chupa kali ina miligramu 5 katika kila mililita, basi mililita 24 tu zimefika kikomo. Ndiyo maana huizimua nusu: mililita 40 za dawa iliyozimuliwa, ishirini kila ubavu, ni miligramu 100. Na ile anayoimimina mpasuaji kwenye matundu lazima iingizwe katika hesabu hiyohiyo. Mimi na mpasuaji tunasemezana kabla, kwa sauti, kila mmoja ataje kiasi chake. Ikizidi, aliye macho atahisi ladha ya chuma mdomoni, midomo kufa ganzi, masikio kuvuma. Baadaye degedege, na moyo kuyumba. Mwaka 1998 Guy Weinberg na wenzake Marekani walionyesha kwa panya kwamba mafuta maalumu yanayotiwa kwenye mshipa wa damu huuokoa moyo uliosumiwa na bupivakaini, na sasa ndiyo tiba yake kwa binadamu. Mahali panapochomwa sindano hizi, chupa ya mafuta hayo iwepo karibu, si kwenye stoo iliyofungwa.

Hatari ndogo lakini yenye kuvunja mifupa: mara nyingine dawa huteremka ikagusa mshipa wa paja, na mguu unakosa nguvu kwa saa kadhaa. Mguu utarudi. Ila aliyetoka kupasuliwa asisimame peke yake mara ya kwanza, wala asishuke ngazi bila kushikwa, na asiendeshe bodaboda siku hiyo hata akijiona mzima.

Na hapa nasema na wake, mama na dada. Mgonjwa akirudi nyumbani, desturi yetu ni kumkanda kwa maji ya moto. Ni desturi ya mapenzi, sina neno nayo. Lakini tumbo na kinena vilivyotiwa ganzi havijui moto. Ngozi itaungua na mwenyewe atakuwa amelala kwa raha. Msimkande pale, msiweke chupa ya maji moto, msipake dawa za kuwasha, hata ganzi ikiisha, mpaka jeraha lipone. Kitambaa safi kikavu kinatosha.

Sasa jambo ambalo nimeona likiwaharibia watu usiku wao. Ganzi hudumu saa 6 hadi 12, mara nyingine zaidi. Ukipasuliwa asubuhi, jioni unajiona hodari. Unakula, unapokea wageni, unasema, "Alhamdulillah, hata siumwi, vidonge vya nini?" Unalala. Saa saba za usiku ganzi imekwisha, maumivu yanakuamsha yote kwa pamoja, na duka la dawa limefungwa. Kidonge unachokimeza wakati huo kitachukua karibu saa nzima kufanya kazi. Kwa hiyo vidonge humezwa kwa saa, wala si kwa kusubiri maumivu. Parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, na kamwe isipite gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Mwenye ini bovu, mnywaji wa pombe au mwembamba sana apunguziwe na daktari. Juu yake ibuprofeni au diklofenaki kama ulivyoandikiwa, baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu inayochokozwa na dawa hizo, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema apewe nyingine. Dozi ya kulalia isikosekane hata kama huumwi. Tramadoli, ukiandikiwa, ni ya akiba ya maumivu yaliyoshinda hizo mbili, kwa siku chache. Zilizobaki usimpe jirani, na usiziache mezani pale vijana wanapopita.

Wazee wameniuliza kuhusu swala. Kurukuu na kusujudu siku za mwanzo kunavuta jeraha. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali akiwa amekaa. Itumieni ruhusa hiyo bila unyonge.

Na kazi je? Miongozo ya kimataifa ya ngiri ya mwaka 2018 haikatazi mtu kurudi kwenye shughuli zake za kawaida mapema, ndani ya siku 3 hadi 5, kadiri anavyojisikia. Lakini gunia la kilo 90 mgongoni si shughuli ya kawaida. Mwambie mpasuaji wako kazi yako ni ipi hasa, unabeba nini, umbali gani, ili akupe muda unaolingana nayo. Ukisema tu "mimi mfanyabiashara sokoni," atakupa muda wa mtu anayekaa dukani. Matajiri wenye malori walioko hapa, nanyi nawaomba: mpeni hamali aliyepasuliwa kazi ya kuhesabu au kushona magunia kwa wiki hizo, msimpe mwenzake nafasi yake. Hofu ya kupoteza nafasi inawafanya watu wabebe kabla ya wakati, na inawafanya wasipasuliwe kabisa.

Wako pia, yapata mmoja katika kila kumi, ambao maumivu ya kinena huwabakia miezi mitatu na zaidi baada ya upasuaji. Maumivu makali ya siku za mwanzo ni mojawapo ya dalili za nani atakayepatwa. Haijathibitishwa kwamba ganzi ya siku moja inazuia hilo, nami siwezi kuwaahidi. Lakini ikikutokea, rudi hospitali. Usiambiwe umezoea dawa, wala usiambiwe ni uzee. Ziko tiba zake, na mojawapo ni hii hii sindano ya kwenye mishipa ya kinena, safari hii kwa ajili ya kujua ni mshipa upi unaolalamika.

Mkienda kumwona daktari wa usingizi, na mna haki ya kumwona kabla ya siku yenyewe au angalau asubuhi yake, muulizeni hivi: Je, nitatiwa ganzi, na ni ya matundu au ya ubavuni? Nani ataitia? Itaisha saa ngapi? Nimeze nini kabla haijaisha, na dawa hizo nitaondoka nazo mkononi? Mwelezeni uzito wenu, dawa mnazokunywa, na kama sindano ya ganzi ya meno iliwahi kuwadhuru. Chakula mwache saa 6 kabla. Maji matupu mnaweza kunywa mpaka saa 2 kabla, isipokuwa mmeambiwa vingine.

Baada ya kurudi nyumbani, tumbo likivimba na kuwa gumu, homa ikipanda, jeraha likitoa usaha, mkojo ukigoma tangu asubuhi mpaka jioni, au ganzi ya mguu isipoondoka kufikia siku ya pili, msisubiri miadi. Rudini.

Nimemaliza yangu, maswali nayapokea sasa, ya wazi na ya faragha. Mpasuaji niliyefuatana naye yuko kwenye kile chumba cha nyuma ya ofisi ya soko, amefunga pazia, na muuguzi wa kike yuko upande wa pili kwa ajili ya kina mama. Mwenye uvimbe aingie aangaliwe, hakuna malipo, na jina lake halitatajwa nje. Wewe kaka uliyenyoosha mkono pale kwenye mizani, anza.